Amplifaya ndani ya Volkswagen Beetle ya 1969: iwekwe wapi?

Swali: "Nina Volkswagen Beetle ya 1969, ya volti 12, ambayo haijaguswa sana tangu itoke kiwandani. Redio yake ya zamani bado inaimba na sitaki kuiondoa. Nataka kuongeza amplifaya ya chaneli nne ili nisikie muziki hata nikiwa kwenye mwendo wa safari, lakini kila ninapopima hapatoshi. Chini ya viti vya mbele pamebana. Fundi ameshauri tuifunge mbele, chini ya boneti, nyuma ya tangi la petroli, kwa sababu pana uwazi na hapaonekani. Mimi nasita. Niiweke wapi bila kutoboa bodi?"

Jibu: Kusita kwako kuna msingi, na kwa hili simuungi mkono fundi wako. Uwazi anaousema upo kweli. Ukiondoa kile kifuniko cha kadibodi kinachoficha nyaya za nyuma ya dashibodi, unakuta nafasi ambayo amplifaya ndogo ingekaa na nyingine ikabaki. Ila nafasi hiyo inapakana na tangi, na kwenye gari la mwaka wako bomba la kujazia mafuta linaingia kutokea ubavuni, pamoja na mipira ya kupitishia hewa ya tangi. Mipira hiyo ikizeeka hukakamaa na kupata nyufa usizoziona mpaka uikunje kwa vidole. Ile harufu ya petroli inayokupokea ukifungua boneti siku ya jua kali mara nyingi hutoka humo.

Amplifaya nzima, iliyofungwa vizuri, haitoi cheche. Cheche hutoka kwenye kiungo kilicholegea au kwenye waya uliochubuka ukagusa bati, na mambo hayo hutokea muda mrefu baada ya kazi kukamilika, wakati hakuna anayekumbuka waya ulipita wapi. Tena hapo mbele maji hupenya. Raba ya boneti ikichoka, au njia za kutolea maji chini ya kioo cha mbele zikiziba, mvua huishia kwenye nyaya hizo hizo. Na usisahau kwamba betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma. Ungelazimika kuvuta waya mnene wa umeme karibu urefu wote wa gari ili kuufikisha penye mvuke wa petroli. Sioni faida yoyote hapo zaidi ya kwamba hapaonekani, na kuficha ni jambo linalowezekana kwingine.

Kabla hatujaenda huko kwingine, tuiangalie amplifaya yenyewe. Wengi hununua boksi kwanza, kisha ndipo wanaanza kuzunguka na gari wakilitafutia pa kukaa. Kwa gari la zamani ni afadhali kuanzia upande wa pili: umeme ulionao uamue ukubwa wa amplifaya, na ukubwa huo uamue mahali.

Dainamo ya Beetle ya volti 12 hutoa takriban ampea 30, na hapo injini iwe inazunguka kwa kasi ya safari. Ukiwa umesimama kwenye foleni hutoa kidogo sana, ndiyo maana ile taa nyekundu ya dashibodi huanza kupepesa injini ikishuka. Sasa hesabu matumizi ya usiku wa mvua. Taa kubwa mbili, taa za nyuma, ya namba na za dashibodi zinakula karibu ampea 8. Koili ya moto inachukua tatu hivi, waipa nyingine mbili au tatu. Tayari umefika 13 au 14, na betri nayo inadai chake baada ya kuwasha injini. Kinachobaki kwa muziki ni ampea kumi na kitu, tena ukiwa mwendoni.

Chukua amplifaya ya chaneli nne, wati 50 halisi kila chaneli, jumla 200. Ikiwa ni ya daraja AB, zile za mtindo wa zamani zenye mapezi makubwa, kwa sauti ya juu kabisa nusu ya umeme inayovuta, au zaidi kidogo, ndiyo inayofika kwenye spika. Nyingine yote inageuka joto. Ili utoe wati 200 itavuta kama 360, yaani ampea 26, na wati 160 hivi zitabaki ndani ya boksi zikilichemsha. Ya daraja D, zile za kisasa zinazowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa badala ya kuuchoma, hufikisha asilimia 80 au zaidi, kwa hiyo inavuta ampea 18 na kubaki na wati 50 za joto. Hizo ni hesabu za sauti ya mwisho isiyokatika. Muziki wa kawaida una vilele na mabonde, na wastani wake hauzidi theluthi ya hapo, kwa hiyo dainamo yako inaweza kuimudu ya daraja D bila betri kuishiwa nguvu.

Ukubwa nao unabadilika. Amplifaya ya AB ya nguvu hiyo mara nyingi ina upana wa karatasi ya kuandikia na unene wa sentimita 5 au 6, na inataka hewa kila upande. Ya D ya nguvu ile ile inaweza kuwa na urefu wa sentimita 20, upana wa 8 na unene wa 4. Kwa gari lako sina mjadala hapa: daraja D, na usinunue kubwa kuliko hiyo. Kuna watu wa muziki watakaokuambia AB ina sauti tamu zaidi. Huenda, sebuleni. Ndani ya Beetle iliyo kwenye kasi ya kilomita 90 kwa saa, injini ya kupozwa kwa hewa ikiunguruma nyuma ya kisogo chako, sijakutana na sikio la kuzitofautisha.

Kuna njia nyingine ya kupunguza boksi, na haina gharama ya nafasi hata kidogo: spika. Kwenye maelezo ya kila spika kuna namba ya desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati 1 ikipimwa kwa umbali wa mita 1. Spika nyingi za gari ni kati ya 86 na 92. Tofauti hiyo ya 6 inaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili, kwa hiyo spika ya 92 ikipewa wati 12 itafikia sauti ya ile ya 86 inayokula karibu 50. Ukichagua spika za namba ya juu, amplifaya ya wati 25 au 30 kwa chaneli itakutosha, na hiyo ni ndogo kiasi cha kushikika kwa kiganja. Anza na spika.

Ukishajua unataka amplifaya gani, usiipime kwa macho. Chukua kadibodi na utengeneze boksi la vipimo vyake, kisha uongeze sentimita 5 au 6 kila upande zinakotoka nyaya. Hapa ndipo watu wengi hukwama: vipimo vya kwenye karatasi ya kiwanda havihesabu plagi za ishara, yaani za nyaya zinazoleta muziki, zinazochomoza, wala pindo la waya mnene ambao haukubali kukunjwa kama uzi. Boksi la sentimita 20 huwa kitu cha sentimita 30 likishaunganishwa. Juu yake ongeza sentimita 3 za hewa. Kadibodi hiyo ndiyo utakayotembea nayo ndani ya gari.

Chini ya kiti cha mbele, ulikokuta pamebana, kuna jaribio moja nalipenda. Weka boksi la kadibodi mahali pake, juu yake bandika udongo laini wa kuchezea watoto, unene wa sentimita 3, kisha mwite mtu mzito kuliko wewe akae kwenye kiti. Akae kwa kujibwaga, si kwa adabu. Mwambie asogeze kiti mbele mpaka mwisho na kukirudisha nyuma mpaka mwisho. Akitoka, soma udongo: utaona springi zimechora mistari, na kina cha mstari kinakuambia kilichobaki. Kiti cha miaka hamsini kimelegea, na springi inayoning'inia sentimita 4 chini ya mahali ilipokuwa 1969 ni jambo la kawaida. Lakini hata kama udongo umebaki laini, bado mahali hapo sipapendi. Maji yakipenya kwenye raba za vioo au milango, yanatafuta sehemu ya chini ya sakafu, na zulia linayanyonya na kuyatunza kwa wiki nzima. Ukilazimika kuiweka hapo, iwe upande wa abiria na juu ya kibao kilichoinuliwa sentimita 2, na uangalie zulia kila baada ya mvua.

Chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, pana nafasi inayotamanisha zaidi. Betri iko kulia, kwa hiyo waya wa umeme ungekuwa mfupi kuliko mahali popote. Upande huo wa kushoto, kwenye Beetle za volti 12 zenye dainamo, ndiko kiwanda kilikoweka regyuleta, kile kifaa cha kudhibiti umeme wa dainamo, na pembeni yake panabaki pa kutosha amplifaya ndogo. Kinachonirudisha nyuma ni vitu viwili. Kwanza springi za kiti zenyewe. Wenye magari haya wanajua kisa cha kifuniko cha betri kilichopotea: abiria watatu wanakaa nyuma, springi zinashuka zinagusa kichwa cha chanya cha betri, na kiti kilichojazwa manyoya makavu kinaanza kufuka moshi. Kiti kile kile kingeikalia amplifaya. Pili, betri ya asidi ikiwa inachajiwa hutoa hewa ya haidrojeni na mvuke unaokula shaba, na pale chini hakuna upepo wa kuviondoa. Kama huna watu wa kukaa nyuma, na uko tayari kuitengenezea amplifaya kibanda cha plaiwudi chenye tundu za hewa na kinachobeba uzito wa kiti bila kugusa chochote, panaweza kukubalika. Mimi ningepaweka nafasi ya pili.

Iwapo bado hujaangalia kifuniko cha betri yako, kiangalie leo, amplifaya au bila amplifaya.

Mahali ninapokushauri ni shimo la mizigo lililo nyuma ya mgongo wa kiti cha nyuma. Wengi hulisahau kwa sababu hulitumia kutupia koti na mwavuli. Ni kavu kuliko sehemu nyingine zote za gari, liko ndani ya kabini ambako hakuna mvuke wa petroli, liko karibu na betri, na mgongo wa kiti ukiwa umesimama hakuna anayeona kilichomo.

Shida yake ni moja, joto. Ukuta wa nyuma wa shimo hilo ndio unaotenganisha abiria na injini. Ukizima gari baada ya safari ndefu, feni ya injini inasimama lakini chuma bado ni cha moto, na kwa nusu saa ukuta huo huendelea kupanda joto. Ukiubandika mkono utaelewa. Kwa hiyo amplifaya haifungwi kwenye ukuta huo hata kama una uso mzuri ulionyooka. Kuna sababu nyingine kubwa zaidi ya kutougusa: kila tundu la skrubu kwenye ukuta wa injini ni mlango wa moshi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na gari hili lina eksozi mgongoni. Ukikuta tundu za zamani zilizoachwa na mtu mwingine, zizibe kabla ya kufikiria muziki.

Basi weka ubao kwenye sakafu ya shimo, na amplifaya juu ya ubao, upande wa mbele, karibu na mgongo wa kiti. Ubao uwe plaiwudi ya milimita 12. Tandika kadibodi ndani ya shimo, ibonyeze kwenye kingo zote, kata umbo, lijaribu, likate tena mpaka likae bila kucheza. Umbo hilo lihamishie kwenye plaiwudi. Shimo limebanwa na matao ya magurudumu pande zote mbili, kwa hiyo ubao uliokatwa sawasawa haukimbii popote, hata ukikanyaga breki kwa ghafla, maana mbele yake kuna kingo ya sakafu na mgongo wa kiti. Hapo ndipo unapoepuka kutoboa bodi: kinachotobolewa ni ubao, si gari. Paka vanishi pande zote mbili na kingo, kisha uupigilie vipande vya raba chini yake ili uinuke sentimita 2 na usilie njiani. Skrubu za amplifaya ziwe fupi kuliko unene wa ubao. Kama ina mapezi, yaelekee juu. Usiigeuze kichwa chini, kwa sababu joto litapanda kurudi kwenye saketi.

Juu yake tengeneza sakafu ya pili, ubao mwepesi wa milimita 6 uliosimama juu ya vijiti vya mbao vya sentimita 8 au 9, umefunikwa zulia linalofanana na la gari. Acha uwazi wa sentimita 3 au 4 kila mwisho ili hewa iingie upande mmoja itoke mwingine. Ukimaliza, mtu akichungulia ataona shimo la mizigo lenye kina pungufu kidogo, basi. Na siku utakapouza gari, au utakapotaka lirudi lilivyokuwa, unainua mbao mbili.

Sasa nyaya, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu mahali pazuri huharibiwa na nyaya mbaya.

Waya wa chanya utoke moja kwa moja kwenye betri. Usithubutu kuuchukua kwenye boksi la fyuzi chini ya dashibodi. Fyuzi za Beetle ni zile za umbo la risasi, nyeupe za ampea 8 na nyekundu za 16, zimeshikwa na vijiulimi vya shaba ambavyo kwa umri huu vimeshika kutu ya kijani. Hazikutengenezwa kwa kazi hii. Tumia waya wa milimita 10 za mraba. Kutoka kwenye betri, kupanda kingo, kuingia shimoni, ni kama mita moja na nusu, na kwa ampea 18 utapoteza volti 0.05 tu. Linganisha na waya mwembamba wa milimita 2.5 za mraba uliovutwa mita 4 hadi mbele: ungepoteza nusu volti nzima njiani, na nusu volti hiyo ni joto ndani ya waya wenyewe.

Fyuzi ya ampea 30 ikae karibu na betri iwezekanavyo, kabla ya sentimita 45 kwisha. Kazi yake ni kuulinda waya, kwa hiyo fyuzi iliyo pale mwisho kwenye amplifaya haihesabiki: ikiwa waya utachubuliwa na kingo ya bati katikati, ile ya mwisho haitajua. Kila waya unapopita kwenye kingo ya chuma, uvishe mpira. Kisha inua na ulaze mgongo wa kiti mara kadhaa ukiangalia kama unaubana.

Waya wa hasi ndio wenye mtego kwenye gari hili. Ushauri wa kawaida ni kwamba uwe mfupi na ufungwe kwenye bati lililo jirani, na kwa magari mengi ni ushauri mzuri. Lakini bodi ya Beetle imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chasisi, na kati yake kuna ukanda wa mpira. Baada ya miaka hamsini ya kutu, umeme unaotoka kwenye bodi kurudi kwenye chasisi hupita kwenye bolti ambazo hazigusani vizuri. Utafunga hasi ya amplifaya kwenye bati safi la shimoni, na bado itakuwa na njia mbovu ya kurudi kwenye betri. Kwa hiyo vuta waya wa hasi wa unene ule ule wa milimita 10 mpaka kwenye bolti ile ile ambayo utepe wa hasi ya betri umefungwa kwenye sakafu. Ifungue, ng'arisha chuma kwa msasa mpaka kimetemete, funga kwa washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu ya kila kitu ili kutu isirudi. Hakuna tundu jipya lililohitajika.

Upime kazi hiyo kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi. Weka ncha moja kwenye hasi ya amplifaya na nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, muziki ukiwa juu. Ikisoma chini ya volti 0.1, vizuri. Ikizidi, kuna kiungo kinachokudanganya.

Onyo moja kuhusu bolti: usizitumie za mikanda ya usalama, si kwa kufungia ubao wala kwa waya wa hasi. Bolti hiyo ikifunguliwa na kufungwa juu ya kichwa cha waya haikazi tena ilivyopaswa, na siku ya kuihitaji haitakuuliza ulikuwa unasikiliza nini.

Kwa kuwa redio ya zamani inabaki, iache na spika yake ya dashibodi, usiiunganishe kabisa na amplifaya. Redio hizo ni za chaneli moja, na hakuna utakachopata kwa kuilazimisha kulisha spika nne. Tumia kipokezi kidogo cha Bluetooth, au amplifaya iliyo nacho ndani tayari, na simu ndiyo iwe chanzo cha muziki. Kipokezi kikiwa kule shimoni karibu na amplifaya, waya wa ishara unakuwa wa sentimita 30 na hauna nafasi ya kuokota kelele. Kitu pekee kitakachokuja kutoka mbele ni waya mwembamba wa kuiamsha amplifaya, unaochukua umeme kwenye fyuzi inayopata umeme swichi ya gari ikiwashwa. Huo ni mzigo mdogo, boksi la fyuzi linaumudu. Weka swichi ndogo chini ya dashibodi, mahali kidole kinafika bila jicho kuhama barabarani, ili uweze kuizima ukiwa umekwama kwenye foleni usiku.

Waya huo, na zile za spika zinazokwenda mbele, vipitishe chini ya zulia kando ya tuta la katikati ya sakafu. Kando yake, nasema, na kwa gundi ya tepu, si kwa skrubu. Ndani ya tuta hilo kunapita bomba la petroli kutoka tangi la mbele kwenda injini ya nyuma, pamoja na kebo za klachi na akselereta na fimbo ya gia. Skrubu ya sentimita 2 inatosha kulitoboa bomba hilo, na petroli itavujia ndani ya kabini. Upande mwingine unaoonekana rahisi, chini ya milango, nao hapana: humo kwenye vizingiti kuna njia za hewa moto ya hita, na ganda la waya halipendi kupikwa.

Ukimaliza yote ukasikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini, huyo ni dainamo. Mara nyingi ni brashi zilizokwisha, au ile kapasita ya kuzuia kelele imekufa au imeondolewa. Ukisikia tiki-tiki zinazofuata mwendo wa injini, angalia kofia za plagi: kiwanda kilizipa ukinzani maalumu ili zisisumbue redio, na za bei rahisi huwa hazina. Na mluzi ukitoweka unapolisha kipokezi cha Bluetooth kwa betri yake chenyewe, basi kosa liko kwenye kibadilisha volti cha USB kinachokipa kipokezi umeme wa gari. Tafuta bora zaidi, au weka kitenganishi cha ishara, kinachopitisha muziki na kuzuia kelele ya umeme, kati ya kipokezi na amplifaya.

Kwa wasomaji wengine wenye magari ya zamani zaidi: hesabu hizi zinafaa popote, ila hakikisheni vitu viwili kabla ya kununua chochote. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na amplifaya ya kawaida haitawaka humo. Na magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yana chanya iliyofungwa kwenye bodi badala ya hasi. Ukifunga amplifaya kwenye gari la namna hiyo kwa mazoea, ganda lake likigusa bati utakuwa umepiga shoti siku ya kwanza. Gari la namna hiyo ligeuzwe kwanza liwe la hasi kwenye bodi, na fundi anayelijua, dainamo na geji zikiangaliwa moja moja.

Siku ya kuwasha, anza bila fyuzi kuu. Unganisha kila kitu, kagua, weka fyuzi mwisho, gari likiwa limezimwa. Piga muziki wa wastani kwa dakika kumi, kisha pitisha mkono kwenye fyuzi, kwenye vichwa vya waya na kwenye amplifaya yenyewe. Amplifaya kuwa na uvuguvugu ni sawa. Kichwa cha waya kikiwa cha moto hakijabanwa vizuri, kikate ukibane upya. Halafu nenda safari ya saa moja, rudi, zima injini, ngoja nusu saa ili ule ukuta wa nyuma ufike kilele chake, ndipo uinue ubao wa juu na uishike amplifaya tena. Ikiwa unaweza kuacha mkono juu yake bila kuuondoa, rudisha zulia. Ikikuunguza, sogeza amplifaya sentimita chache zaidi mbele na uongeze uwazi wa hewa kwenye ubao wa juu, kisha urudie safari ile ile.